Pa Kumwagia Maua

Kila Februari ilipokaribia, magoti ya Ceu Iyoh yalianza kuuma kabla hata mabango hayajatundikwa. Majirani zake wa kijiji cha Cireundeu, waliomwita Ceu, yaani dada, walimtania kwamba magoti yake yanasoma kalenda ya serikali. Yeye hakucheka. Alijua kinachokuja: hema la bluu, spika za kupasua masikio, mabwana wa mjini na viatu vyao visivyofaa kwa tope, na yeye mwenyewe juu ya jukwaa, maikrofoni mkononi, akifiwa upya mbele za watu.

Wenyewe wanaiita Siku ya Taifa ya Kujali Taka. Siku hizi nchi nzima inaiadhimisha. Wanafunzi hufagia fukwe, wakubwa hupigwa picha wakiwa wameshika mifuko ya takataka ambayo wengine wameijaza. Lakini ilizaliwa hapa, Leuwigajah, na haikuzaliwa kwenye mkutano. Miaka nenda miaka rudi taka za miji ya Bandung na Cimahi zilimwagwa bondeni mpaka bonde likawa mlima. Februari ya mwaka 2005 mvua ikanyesha haikatiki, na kabla ya alfajiri mlima ukalipuka kwa gesi iliyojaa ndani yake, ukashuka huku unawaka moto, ukawafukia watu zaidi ya mia moja na hamsini wakiwa usingizini. Baadaye ndipo tarehe ile ikatengwa na kupewa jina zuri.

Na siku hiyo ilikuwa na mjane wake, Iyoh. Wajane wengine walihama, wengine waliolewa tena, wengine walikataa katakata kupanda jukwaani. Iyoh hakuwa na ujuzi wa kukataa. Alinung'unika wiki nzima, na siku ikifika akavaa blauzi yake ya kebaya ya kijani akaenda.

Lakini mwaka huu alikuwa ameshajiapia kwamba ni mwisho. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa siku ile, nacho alikuwa tayari anacho: kaburi la Dayat, kule chini ya mianzi, lenye jiwe na jina. Sherehe ikiisha angeteremka, angekaa ubavuni mwa mumewe na kumsimulia mambo ya mwaka mzima. Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Miili ya wapendwa wao haikuonekana, na kila mwaka walipanda juu ya ule mlima, ambao sasa umeota nyasi na mihogo, wakamwaga maua popote moyo ulipowaelekeza, kwa kuwa hakuna anayejua nani yuko wapi. Iyoh aliwahurumia sana. Ndani ya huruma hiyo kulikuwa na kijifahari kidogo ambacho asingekikubali hata ungembana mlangoni.

Asubuhi hiyo Neng Resti, dada wa kamati, alimpokea kwenye hema na karatasi.

"Ceu, mwaka huu dakika tatu tu, tafadhali. Mgeni rasmi ana ndege."

"Tatu? Mwaka jana nilipewa tano. Naona mume wangu anazidi kufa haraka haraka."

Resti alicheka, kisha akaangalia pembeni kama kuna aliyesikia. "Ah, Ceu naye! Yote yameandikwa humo. Mwishoni tu usisahau kusema, 'tuanzie nyumbani kwetu.'"

"Miwani nimeiacha."

"Si umeshayakariri?"

"Hiyo ndiyo taabu yangu, Neng. Nimeyakariri."

Safu ya mbele walikaa jamaa wa marehemu. Miongoni mwao alikuwapo Ma Uneh, bibi wa Garut mwenye mgongo uliopinda, ambaye kila mwaka alidamka kupanda basi na kikapu chake cha maua. Mwanawe Aep alikuwa akiokota makopo hapa. Hakuonekana tena. Wakati bibi anapata habari na kufika kutoka kwao, maiti zilizopatikana zilikuwa zimeshazikwa. Yeye na Iyoh walijuana kama watu wanavyojuana kwenye harusi: walisalimiana, wakaulizana afya, wakaagana mpaka mwakani.

Iyoh aliitwa. Alipanda ngazi tatu za mbao akishikilia goti.

"Mume wangu, Dayat," alianza, "alikuwa mtu aliyeyapenda mazingira..."

Chini ya jukwaa vikombe vya plastiki vya maji vilikuwa vimeshaanza kuviringika miguuni mwa watu. Nyuma ya hema kulikuwa na maboksi ya wali na kuku wa kukaanga, mnara mzima, na kila boksi lina kijiko chake cha plastiki. Mgeni rasmi alikuwa anasoma simu. Iyoh akasikia uchovu unamshuka kutoka mabegani mpaka nyayoni, na hakuwa na nguvu za kuubeba uongo ule tena.

"Hapana," alisema. "Nimechoka kuwaambieni hayo. Dayat hakuwa anajua mazingira ni nini. Alikuwa mwokota taka. Mbishi, mkoromaji, na miguu yake ilikuwa imeoza katikati ya vidole kwa yale maji meusi ya lundo. Kila siku miguu yangu, Iyoh, miguu yangu. Mimi nikamwambia, vumilia, mwezi ujao tutanunua viatu vya mpira. Mnataka kujua nilimtambuaje? Maana uso haukuwepo wa kutazama. Nilimtambua kwa jezi. Jezi ya golikipa, ya kijani, niliiokota mwenyewe lundoni. Kiwiko kilikuwa kimechanika. Nikakata kipande cha samping yangu ya harusi, ya maua ya njano, nikamtilia kiraka. Mama yangu alinigombeza, unakata nguo ya harusi kwa ajili ya jezi ya jalalani! Basi kile kiraka ndicho kilichonirudishia mume wangu. Hayo ndiyo yangu. Mambo ya kuanzia nyumbani, waulizeni wenye nyumba kubwa."

Watu wakacheka kidogo, hawana hakika kama inafaa. Mshereheshaji akaomba makofi mengi kwa mama yetu shujaa, muziki ukawekwa. Iyoh akashuka, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alijisikia mwepesi.

Alikwenda nyuma ya hema kujipumzisha kwenye kreti. Alikuwa amebeba chakula chake mwenyewe, wali wa muhogo ndani ya jani la mgomba na kipande cha samaki mkavu, kwa sababu watu wa Cireundeu hawali mchele na kamati haijawahi kulikumbuka hilo. Hata hajafungua jani, kivuli kikasimama mbele yake.

"Iyoh."

"Naam, Ma. Karibu. Umekula?"

"Achana na kula. Kiraka kilikuwa kiwiko gani?"

"Cha kushoto. Kwa nini?"

Ma Uneh alifumba macho. "Maua ya njano," alisema. "Na katikati ya kila ua, kidoa chekundu."

Iyoh hakuwa amesema habari za kidoa. Aliliweka jani chini polepole.

"Nani kakwambia?"

"Niliifua kwa mikono yangu. Aep alikuja nyumbani wiki moja kabla ya msiba, kaivaa, anajishaua nayo. 'Mama, muone golikipa wa Leuwigajah!' Nikaifua, nikaianika jikoni kwa sababu ya mvua. Nikamwuliza, huyu aliyekushonea kiraka ni nani, mkono wake mzuri hivi? Akaniambia ni mke wa Kang Dayat, kaka yake wa lundoni. Kwamba amebadilishana na Kang Dayat, akampa viatu vyake vya mpira. Vile ambavyo kimoja cheusi, kimoja kijani."

Mambo hayo yalikuwa ya kawaida kabisa pale lundoni. Lundo ndilo lililowavisha. Shati la leo kwako, kesho liko mgongoni kwa mwenzio kwa sigara mbili, keshokutwa limerudi kwako limenuka jasho la mtu mwingine. Hakuna aliyeshangaa. Na bado, waokoaji waliposema watu watambuliwe kwa nguo, watu hao hao, waliojua kuliko mtu yeyote duniani kwamba nguo haina mwenyewe, walijipanga foleni na kuonyesha kwa kidole: huyu wangu, namjua kwa suruali, huyu wangu, namjua kwa kofia. Msiba uliwafanya wasahau maisha yao wenyewe. Iyoh naye alionyesha kidole.

Viatu alivikumbuka. Jioni aliyoondoka na mtoto anayewaka homa kwenda kwa mama yake, ambako msiba ulimkuta siku kumi baadaye, viatu vilikuwa vimesimama mlangoni pa kibanda chao cha lundoni, kimoja cheusi, kimoja kijani. Alimwuliza Dayat kavitoa wapi. "Lundo limenipa," Dayat alisema, huku anatazama kwingine. Iyoh hakuuliza jezi iko wapi. Mtoto alikuwa analia. Na Dayat asingethubutu kumwambia, maana angeipata, siku hiyo angeipata kweli kweli.

Maiti aliyoizika haikuwa na viatu. Siku zote alijiambia vimeng'oka kwenye tope.

"Viatu gani?" alisema Iyoh. "Dayat hakuwa na viatu vya mpira, Ma. Si umenisikia pale jukwaani?"

Ma Uneh akatikisa kichwa, taratibu, na aibu ikamjaa usoni.

"Basi nimechanganya. Uzee huu, mwanangu. Pengine nilisikia jina vibaya, pengine yalikuwa maua ya nguo nyingine. Unisamehe. Siku kama ya leo nakuletea maneno."

"Hakuna neno, Ma."

"Kula, kula. Chakula kitapoa."

Bibi akainua kikapu chake, akaanza kupanda mlima.

Iyoh alifungua jani. Alikuwa salama. Hakuna mtu mwingine aliyeviona viatu vile, hakuna wa kumwuliza. Kaburi lilikuwa lake, jiwe lilikuwa lake, na tangu leo hakuna wa kumpandisha jukwaani. Alitia tonge mdomoni, akalitafuna, akalifunga jani tena.

Alimtazama Ma Uneh akipanda. Njia ilikuwa tope tupu. Bibi aliweka kikapu mbele, akajivuta mpaka kilipo, akapumzika, akakiweka tena mbele. Hivyo ndivyo alivyopanda miaka yote, na Iyoh hakuwahi kumtazama, kwa sababu saa hizo yeye huwa anateremka kwenye mianzi. Miaka yote bibi huyu amepanda kwenda kwa mtu ambaye hayuko kule. Na mtu wake alikuwa hapo chini, anasimuliwa mambo ya Cireundeu na mwanamke asiyemhusu.

"Mwanamume huyu!" Iyoh alisema kwa sauti, na mama mmoja wa jikoni akageuka. Hasira zilimpanda, hasira nzima nzima, ambazo hakuwahi kuwa nazo kwa marehemu. Samping yake ya harusi! Kwa viatu visivyofanana hata rangi! Kisha hasira zikaisha zote kwa mpigo, akabaki na uchovu tu, ule wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kwamba safari ndiyo kwanza inaanza.

"Ma!" aliita. "Ma Uneh! Shuka!"

Bibi hakusikia kwa sababu ya spika. Iyoh akaondoka na magoti yake, akamfuata topeni, akamshika mkono.

"Shuka, Ma. Hayuko huko."

"Nani?"

"Nimekudanganya. Viatu niliviona. Vilikuwa mlangoni kwangu."

Ma Uneh hakupiga kelele. Hakumlaumu. Alikaa palepale kwenye tope akakumbatia kikapu, akasema, "Niinue basi. Nipeleke."

Waliteremka pamoja hadi chini ya mianzi, kila mmoja akimfanya mwenzake fimbo. Kaburi lilikuwa safi, limezungushiwa mawe ya mtoni yaliyopakwa chokaa, na maua ya Iyoh ya alfajiri yalikuwa bado mabichi juu yake. Ma Uneh hakujua kusoma. Alipitisha vidole kwenye herufi za jiwe moja baada ya nyingine.

"Imeandikwa nini?"

"Dayat."

"Aa."

"Nitalibadilisha, Ma. Nitamwita mchonga mawe."

"Halina haraka. Amezoea kuitwa hivyo." Bibi aliokota jani moja la mwanzi lililoanguka, akalitupa pembeni. Halikuwepo jingine la kuokota. "Umemtunza."

"Nimemsimulia kila kitu," Iyoh alisema, na bila kutegemea akacheka huku machozi yanamtoka. "Kila kitu, Ma. Mtoto alipoanza shule, alipoolewa. Ugomvi wangu na mama mkwe. Hata mambo ya chumbani nimemwambia, kwamba namkumbuka. Kijana wa watu!"

"Kijana wa watu alikuwa na miaka kumi na tisa," Ma Uneh alisema. "Hakuwa na mke. Angalau kuna aliyemwambia."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, kinachouma mbavu. Kisha Ma Uneh akalaza kiganja chake juu ya udongo, kichwani pa kaburi, akakiacha pale. "Ujang," alisema, jina ambalo mama wa Kisunda humwita mtoto wa kiume. "Ujang, mama amechelewa." Ndipo alipolia, na Iyoh akakaa kando, kwa sababu hapo hapakuwa mahali pake tena.

Kule juu muziki ulizimwa. Ving'ora vikamsindikiza mgeni rasmi kwenye ndege yake. Neng Resti alipita kwenye njia anamtafuta mjane kwa ajili ya picha ya pamoja, akawaona, akarudi alikotoka. Msichana yule ana akili kuliko kamati yake.

Ma Uneh alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya mtandio, akatazama kikapu chake. Hakuwa ametoa hata ua moja. Alichota nusu akayamwaga juu ya kaburi, na kile kikapu na nusu iliyobaki akamsukumia Iyoh.

"Haya. Panda sasa."

"Wapi?"

"Si kwa mumeo?"

Iyoh alikitazama kikapu bila kukigusa. "Sijui pa kumwagia, Ma. Sijawahi. Nyinyi mnajuaje?"

"Hatujui. Unapanda mpaka moyo unachoka, unasema, hapa." Bibi alielekeza kwa kidevu. "Mimi pangu ni pale, ukishapita mihogo ya watu, kuna mlusina umeinama. Chini yake kuna jiwe la kukalia. Nililisogeza mwenyewe nikiwa na nguvu. Magugu nimeyang'oa mwaka jana, hayajawa marefu. Nimepazoea pale." Alikisukuma tena kikapu. "Pachukue wewe."

Iyoh alipanda. Aliweka kikapu mbele, akajivuta mpaka kilipo, akapumzika, akakiweka tena mbele. Akapita mihogo, akauona mlusina, na jiwe chini yake, limelainika kwa kukaliwa. Kule chini hema lilikuwa linashushwa, na maboksi matupu ya wali yalikuwa yametapakaa uwanja mzima mpaka kwenye mtaro.

Akakaa. Hakujua atazame upande gani. Kaburini mtu hutazama jiwe; hapa Dayat angeweza kuwa chini ya nyayo zake, au ng'ambo ya bonde, au kote. Akachota maua akamwaga mbele, akamwaga kulia, akamwaga kushoto, akageuka kwa shida akamwaga na nyuma, mpaka kikapu kikawa kitupu. Magoti yalimuuma vibaya sana. Mwakani yangeuma zaidi, na angekuja tu.

Alikuwa amepanda na maneno makali ya samping ya harusi, ameyapanga yote njiani. Alipofungua mdomo hayakutoka.

"Kang," alisema, "miguu yako ilikauka, angalau?"